KUTENGENEZA GIABOKSI YA PAWATILA INAYOVUJA MAFUTA

Mafundisho kwa wakulima wa mpunga wa Mpanda na nchi ya Katavi

1. Kwa nini jambo hili lakupasa

Mkulima mwenye pawatila yampasa kuitazama ardhi iliyo chini ya mashine yake kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Akiona doa la mafuta mahali palipokuwa pakavu jana, na ajue ya kuwa mashine imempa habari, wala habari hiyo si ya kupuuzwa.

Mwaka 2009 Serikali ilitangaza mwito wa Kilimo Kwanza, na katika miaka iliyofuata pawatila nyingi zilipelekwa wilayani, zikafika hata majaruba ya Mwamkulu, ya Kakese, na ya Mwamapuli katika nchi ya Mpimbwe. Wengine walizinunua peke yao, wengine kwa vikundi, na wengine kwa mkopo. Mashine hizi zilibuniwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga yenye tope, kama yalivyo ya nchi za Asia, nazo zafaa sana katika mbuga zetu nyeusi. Walakini tope hilohilo ndilo adui mkubwa wa giaboksi.

Sikiliza jambo hili vema, maana ndilo kiini cha mafundisho haya: tundu linalotoa mafuta nje ndilo linaloingiza maji ndani. Mashine ikisimama katika jaruba, ekseli imezama topeni, maji hupenya palepale mafuta yalipotokea. Mafuta yakichanganyika na maji hayawezi tena kulainisha gia. Beringi hushika kutu, meno ya gia hulika, na mwisho giaboksi huvunjika. Tena haitavunjika mwezi wa Agosti wakati mashine imelala. Itavunjika mwezi wa Desemba au Januari, mvua ikinyesha, miche ikiwa tayari kitaluni, na kila fundi wa mjini akiwa na mashine kumi mlangoni pake. Vipuri vingi vyatoka mbali, kwa njia ya Tabora au ya Sumbawanga. Mtu akivingoja siku kumi na nne wakati wa kupandikiza, amepoteza sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka.

Watu husema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza ya kuwa haba na haba hukikausha vilevile. Fanya hesabu hii. Matone 25 hivi ya mafuta hufanya mililita 1. Mashine ikidondosha tone moja tu kila dakika, kwa siku moja itadondosha matone 1,440, yaani mililita 58 hivi. Kwa siku 30 itakuwa imemwaga zaidi ya lita 1 na nusu. Mafuta hayo uliyanunua kwa fedha. Lakini hasara yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya gia zitakazokosa mafuta.

Duara la mpira linalozuia mafuta, ambalo mafundi huliita sili, ni kitu cha bei ndogo. Mkulima mwenye subira, mkono safi na vyombo vichache aweza kulibadili nyumbani mwake.

2. Namna giaboksi ilivyo

Nguvu ya injini huenda kwa mikanda mpaka klachi, na kutoka klachi huingia giaboksi kwa shafti. Ndani ya giaboksi mna gia kubwa na ndogo zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu, na mwisho nguvu hiyo hutoka kwa ekseli mbili, kulia na kushoto, ambako magurudumu yamefungwa. Chini ya giaboksi mna mafuta. Gia zikizunguka huyachota mafuta hayo na kuyarusha juu, yakafika kwenye beringi zote. Kwa hiyo giaboksi haina pampu. Yategemea kiasi cha mafuta peke yake. Yakipungua, gia za chini bado hupata, lakini beringi za juu hukauka.

Mafuta huzuiwa yasitoke kwa vitu vitatu.

Kwanza, kuna sili. Kila mahali shafti inapotoka nje ya giaboksi pana sili. Ina mdomo mwembamba wa mpira unaoikumbatia shafti, na nyuma ya mdomo huo mna springi ndogo ya duara inayoubana. Upande wenye springi huelekea yaliko mafuta.

Pili, kuna gasketi. Hii ni karatasi ngumu iliyowekwa kati ya vipande viwili vya chuma vilivyofungwa kwa bolti.

Tatu, kuna vizibo vya kujazia na kumwagia mafuta, pamoja na pete ndogo za mpira zilizo kwenye vijiti vya kubadilia gia.

Juu ya hivyo kuna tundu dogo la kupumulia, ambalo wengi hawalijui. Mashine ikipata moto, hewa iliyo ndani hupanuka na kutafuta njia. Tundu hili likizibwa na tope au pumba, hewa husukuma mafuta kupitia midomo ya sili, hata kama sili ni mpya. Wako watu waliobadili sili mara mbili na tatu, na kumbe kosa lilikuwa tope kidogo katika tundu lisilozidi upana wa unywele wa fagio. Basi lizibue tundu hilo kwanza, kabla hujashika spana.

3. Kuchunguza mvujo unatoka wapi

Mafuta hutiririka na kufuata chuma, na upepo na mtikiso huyasambaza. Mahali yanapodondokea si lazima pawe ndipo yanapotoka. Fanya hivi:

Osha giaboksi nje kwa brashi na mafuta ya taa, kisha uikaushe kwa kitambaa. Usitumie petroli, maana huwaka upesi mno. Paka vumbi la chokaa au majivu laini yaliyochekechwa juu ya viungo vyote. Washa injini, endesha mashine polepole kwa dakika 15 mahali pakavu, kisha uzime na kutazama. Pale vumbi litakapolowa kwanza, tena juu kuliko pengine, ndipo penye kasoro.

Tena yatambue mafuta yenyewe. Mafuta meusi na mepesi aghalabu yametoka katika injini. Yenye harufu ya dizeli yametoka katika tangi au mpira wake. Mafuta mazito, yenye harufu kali, ni ya giaboksi. Usije ukafungua giaboksi nzima kwa ajili ya mpira wa dizeli uliopasuka.

Tazama na kipimo cha mafuta. Giaboksi iliyojazwa kupita alama huvuja kwa kujazwa mno, wala haina ugonjwa mwingine.

Mwisho, inua upande mmoja wa mashine kwa jeki, weka magogo imara chini yake, ulishike gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa juu na chini. Likicheza sana, beringi imekwisha. Sili mpya haitadumu juu ya shafti inayocheza, hata ingekuwa ya bei gani. Hapana budi beringi ibadilishwe pamoja nayo.

4. Wakati wa kazi na vyombo vinavyotakiwa

Wakati ulio bora ni baada ya mavuno, tangu Julai hata Septemba, nchi ikiwa kavu na njia zikipitika. Usingoje mawingu ya Novemba.

Chagua mahali tambarare, penye kivuli, pasipo upepo wa vumbi, mbali na kuku na watoto. Tandika turubai safi. Weka tayari vitu hivi: spana za vipimo vyote vya mashine yako, jeki na magogo mawili, nyundo ya chuma na nyundo ya mti, bisibisi pana, brashi, beseni mbili, moja ya kumwagia mafuta na moja ya kuoshea, mafuta ya taa, vitambaa visivyotoa nyuzi, msasa laini, karatasi ya gasketi, mkasi, chaki, na trei tupu la mayai. Trei la mayai litakufaa kupanga bolti na vipande vidogo kwa utaratibu wa kutoka kwake.

Kama una simu yenye kamera, ipige picha kila hatua kabla ya kukitoa kitu. Kama huna, chora katika daftari. Kumbukumbu ya mtu hupotea kati ya Jumamosi na Jumatatu.

Kabla ya yote, zima injini, funga bomba la dizeli, na uivue mikanda. Mashine isiyo na mikanda haiwezi kukukata mkono kwa bahati mbaya. Wala usiingie chini ya mashine iliyoshikwa na jeki peke yake, jeki huteleza.

5. Kumwaga mafuta na kuyasoma

Iache mashine isimame usiku kucha, kisha alfajiri legeza kizibo cha chini kidogo tu. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Kama yamo, yatatoka kwanza. Ukiyaona, umepata ushahidi. Kisha funga kizibo, washa injini kwa dakika chache ili mafuta yapate joto, uzime, uvue mikanda tena, na ndipo uyamwage yote. Mafuta ya moto kidogo hutoka upesi na huchukua uchafu pamoja nayo.

Yapime kiasi chake, uandike. Kisha yasome kama hivi:

Mafuta meusi yenye vumbi laini linalometameta: ni desturi ya gia zilizofanya kazi.
Mafuta meupe kama chai ya maziwa: maji yameingia, na kazi ya sili haina budi kufanywa pande zote mbili.
Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole: jino la gia au beringi limevunjika, hapo haitoshi kubadili sili, lazima giaboksi ifunguliwe.

6. Kubadili sili ya ekseli

Mivujo mingi ya pawatila za majaruba hutoka hapa; na mara nyingi chanzo chake ni nyasi, kamba au waya uliojizungusha katika ekseli, ukaingia chini ya kifuniko na kuukata mdomo wa mpira. Kazi hii haihitaji kufungua giaboksi yote.

(a) Toa gurudumu na kitovu chake. Kata na kuondoa nyasi zote. Osha mahali pote, ili mchanga usiingie ndani.

(b) Fungua bolti za kifuniko kidogo kwa zamu, si moja kabisa kisha nyingine. Kivute kifuniko polepole. Chini yake huenda mkawa na vipande vyembamba vya bati au gasketi. Hivi vimewekwa kupimia nafasi ya beringi. Vihesabu, uviweke pamoja, wala usikipoteze hata kimoja.

(c) Itazame sili ya zamani kabla ya kuitoa. Springi imeelekea wapi? Je, ziko mbili, moja ikizuia mafuta yasitoke na ya pili ikizuia tope lisiingie? Imezama kina gani? Andika. Kisha ing'oe kwa bisibisi, ukiangalia usikwaruze nyumba yake.

(d) Soma namba zilizo usoni pa sili. Kwa kawaida ni tatu: upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na unene, zote kwa milimita. Namba 45-65-10, kwa mfano, ni sili ya shafti ya milimita 45, itakayoingia katika nyumba ya milimita 65, yenye unene wa milimita 10. Nenda dukani na sili ya zamani mkononi, ulinganishe. Usikubali ya karibu na hiyo. Sili iliyopungua milimita moja itavuja siku ya kwanza.

(e) Ipitishe kucha yako juu ya shafti mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukikaa. Kucha ikikwama katika mfereji, shafti imelika. Mfereji ukiwa mdogo, usugue kwa msasa laini kwa kuzunguka, kamwe si kwa urefu, kisha sili mpya uiweke ikipishana na mahali pa zamani kwa milimita 2 hivi, ikiwa nyumba yake inaruhusu, ili mdomo ukae juu ya chuma kizima. Mfereji ukiwa wa kina, ipeleke shafti kwa fundi wa kukereza vyuma. Kuweka sili mpya juu ya mfereji ni kutupa fedha.

(f) Ipake sili mpya mafuta mdomoni. Mdomo mkavu huungua mara shafti inapoanza kuzunguka. Iweke sawasawa katika nyumba yake, juu yake weka kipande cha bomba au mti ulionyooka wenye upana wa sili, na ugonge polepole pande zote kwa zamu. Sili iliyoingia upande haizuii kitu.

(g) Ekseli ina mifereji ya meno yenye kingo kali. Ifunike kwa karatasi ngumu iliyopakwa mafuta, ukaipitishe sili juu yake, kisha uitoe karatasi. Sili nyingi mpya hukatwa hapa, katika kuvikwa, kabla hazijafanya kazi hata saa moja.

(h) Rudisha vibati, gasketi na kifuniko, ukaze bolti kwa kupishanisha: ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto.

7. Kufungua giaboksi yote

Fanya hivi tu kama mafuta yalileta vipande vya chuma, au mvujo watoka katika kiungo cha kati, au gia zinaruka zenyewe. Mashine si zote za namna moja. Kifuate kitabu chako. Lakini kanuni hizi ni za mashine zote.

Piga alama kwa chaki au tindo dogo ubavuni pa vipande viwili kabla ya kuvitenganisha, ili virudi kama vilivyokuwa. Usivipanue kwa kutia bisibisi kati ya nyuso zao; ukikwaruza nyuso hizo umeanzisha mvujo mwingine. Gonga kwa nyundo ya mti mpaka viachane.

Vijiti vya kubadilia gia vinashikwa na vigololi vidogo vyenye springi. Ukivivuta upesi, vigololi huruka na kupotea katika vumbi. Vifunike kwa kitambaa unapovitoa.

Kila shafti itoke na gia zake, uipange juu ya turubai kwa utaratibu wake na upande wake. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Tazama jino kwa jino mahali penye mwanga. Jino lenye mashimo madogo mengi usoni, lililochongoka, au lenye ufa, halina dawa. Gia hiyo haifai. Izungushe beringi kwa kidole baada ya kuiosha na kuitia tone la mafuta. Ikikwaruza au kukwama, ibadilishe. Ikizunguka kimya, irudishe.

Ukiyaondoa mabaki ya gasketi ya zamani, tumia kipande cha mti mgumu au wembe ulioshikwa chali, wala usitumie tindo.

8. Kukata gasketi nyumbani

Gasketi waweza kuikata mwenyewe. Nunua karatasi yenye unene uleule wa ile ya zamani. Hili si jambo dogo, maana unene wa gasketi ndio unaoacha nafasi ya beringi. Iliyo nene mno huiacha shafti icheze. Iliyo nyembamba mno huibana mpaka beringi ikaungua.

Laza karatasi juu ya uso wa chuma, uishike isisogee, na ugonge taratibu kando ya ukingo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo ndogo. Ukingo wa chuma utaichora karatasi. Fanya vivyo hivyo penye matundu ya bolti. Kisha malizia kwa mkasi. Usigonge kwa nguvu juu ya chuma cha kuyeyushwa, kitavunjika ukingo.

Watu wengine hupenda kupaka gundi ya mpira kwa wingi mahali pa gasketi. Gundi nyingi hubanwa ikaingia ndani, ikakatika vipande na kuziba njia za mafuta. Ukiitumia, utando mwembamba watosha.

9. Kufunga na kujaribu

Kila kitu kirudi kwa utaratibu wa kinyume: kilichotoka mwisho kiingie kwanza. Paka mafuta kila beringi na kila jino. Kabla ya kukaza bolti za mwisho, zungusha shafti kwa mkono na uingize kila gia, moja baada ya nyingine, pamoja na ya kurudi nyuma. Kama mkono wako hauwezi kuizungusha, injini itaizungusha kwa kuivunja. Fungua tena utafute kosa. Mwenda pole hajikwai.

Jaza mafuta mpaka alama, mashine ikiwa imesimama tambarare. Namba ya mafuta ni ile iliyotajwa na kitabu cha mashine, wala usichanganye aina mbili. Endesha bila mzigo dakika 15, uzime na kutazama viungo vyote. Kisha lima saa moja mahali pakavu, utazame tena. Baada ya siku ya kwanza ya kuchavanga topeni, legeza kizibo asubuhi uone kama maji yameingia. Ikiwa hayamo, kazi yako imefanikiwa.

10. Mambo matatu yasiyofaa

Usitie grisi katika giaboksi ili kupunguza mvujo. Grisi hairuki na kufika beringi za juu. Gia huchimba njia ndani yake na kuzunguka katika ukavu. Mvujo hukoma kwa kitambo, na giaboksi hufa.

Usijaze oili chafu iliyotoka injini. Ina masizi na vumbi la chuma, nayo husaga kama msasa.

Usimwage oili chafu katika mfereji wala mtoni. Maji ya Mto Katuma yanywesha majaruba yetu, kisha huingia Hifadhi ya Katavi, yakipita Sitalike kwa viboko na kufika maziwa ya Katavi na Chada. Wakati wa kiangazi maji hayo huwa machache, na uchafu mdogo huwa mkubwa ndani yake. Tena ng'ombe wa jirani hunywa huko, na watoto wetu huoga. Weka oili chafu katika dumu lenye kifuniko, uipeleke kwa fundi wa mjini anayekusanya. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kazi. Oili chafu huharibu ngozi.

11. Namna ya kuzuia mvujo usirudi

Kila jioni, ukitoka jarubani, kata nyasi na kamba zilizojizungusha katika ekseli. Ni kazi ya dakika tano.
Kila juma, safisha tundu la kupumulia, tazama kipimo cha mafuta, na ukaze bolti zilizolegea.
Kila mwisho wa msimu, mwaga maji yaliyotuama chini ya mafuta, uitikise ekseli, uandike ulichokiona.
Mashine ya kikundi iwe na daftari moja, na mtu mmoja wa kulitunza. Mashine ambayo kila mtu huiendesha na hakuna anayeiangalia huvuja bila mwenye kuliona doa.

Kazi nyingine si za nyumbani. Nyumba ya giaboksi ikipasuka, shafti ikipinda, au ekseli ikihitaji kukerezwa, mpelekee fundi mwenye mashine za kazi hiyo. Si aibu kumwendea fundi. Lakini mwendee ukijua unachokitaka, na sili ya zamani iwe mkononi mwako.

12. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tundu linalotoa mafuta ni hatari zaidi katika jaruba kuliko katika shamba kavu?
2. Ni kitu gani cha kuzibuliwa kabla ya kubadili sili yo yote?
3. Springi ya sili huelekea upande gani?
4. Mafuta meupe kama chai ya maziwa yakuambia nini?
5. Kwa nini unene wa gasketi lazima uwe uleule wa kwanza?
6. Utajuaje ya kuwa shafti imelika, nawe utafanya nini?

Mkulima awezaye kuyajibu maswali haya bila kutazama nyuma, na aichunguze mashine yake kabla mvua hazijaja. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa giaboksi hujengwa kwa gunia nyingi za mpunga.